Nyambizi Sita za Baba Bushra

Mume wangu hajui kuogelea. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakisikia kwamba Haidari wangu ndiye aliyekuwa akiongoza nyambizi za Ziwa Tanganyika, wanamdhania mpiga mbizi, mtu wa kuzama na kuibuka na samaki mkononi. Hajawahi kulowesha hata magoti. Ziwa lenyewe liko mbali na hapa kwetu Mpanda. Wakati wa mvua ni safari ya siku nzima, na kusukuma gari juu yake. Yeye aliziongoza kutoka chumba cha nyumba ya kupanga mtaa wa Nsemulwa, kandambili miguuni, chupa ya chai ya tangawizi pembeni.

Mimi ni Mwanahija. Nauza vitenge Makanyagio, mwaka wa ishirini na tatu sasa, na kwa maneno sijambo. Haidari ni kinyume changu. Maneno yake machache, na hayo machache anayapima kwanza. Baba yake Mmanyema, mama yake Mkonongo, lakini ukimuuliza kabila atakwambia yeye ni mtu wa reli. Alianza akiwa kijana wa kugeuza njia za treni, akastaafu akiwa stesheni masta. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani, akakaa kitandani na kofia yake magotini, akaniuliza, "Mama Bushra, sasa kesho nitaamkia wapi?" Nilimjibu kwamba ataamkia hapo hapo kitandani kama binadamu wengine. Nilisema kwa utani, lakini moyo uliniuma.

Aliamkia hapo hapo kitandani miaka miwili. Akarekebisha milango yote ya nyumba, hata ile isiyokuwa na tatizo. Kisha akaja Séverine.

Séverine ni binti aliyekulia makazi ya Katumba. Wazazi wake ni wakulima waliotoka Burundi zamani wakaja kupata uraia wakiwa watu wazima. Alisoma darasa moja na Bushra wetu, ambaye sasa ameolewa Tabora, na likizo nyingi alikula kwangu. Akaenda kusomea uhandisi mbali, akarudi na mradi wa kupima ziwa. Alikuja dukani, akapiga goti kunisalimia kama mtoto aliyelelewa, akasema anatafuta mzee mwenye sauti tulivu wa kuzungumza kwenye redio na watu walioko ziwani. Nikamwambia sauti tulivu ipo, imekaa nyumbani inapiga randa mlango wa choo.

Nyambizi zenyewe zilikuwa sita, rangi ya njano, kila moja ndefu kama kitanda, na ndani hakuna mtu. Zilishushwa kutoka boti kule ufukweni, Karema na Ikola, zikapime sakafu ya ziwa, joto la maji na mahali samaki wanapotaga. Ikishapewa njia, nyambizi inakwenda yenyewe. Kinachohitaji mtu ni kuzipanga: ipi iingie wapi, ipi ingoje, ipi ipande juu. Chini ya maji simu haishiki mtandao, kwa hiyo zinaongea kwa mlio, mlio unapokewa na boya linaloelea, na boya linautuma mpaka Nsemulwa. Zikilia mbili kwa pamoja hakuna inayosikika, sawa na wateja wangu siku ya kuamkia Idi.

Juma la kwanza nyambizi mbili ziligongana, moja ikavunjika pua. Vijana wa kompyuta wakaanza kulaumiana. Haidari, aliyekuwa amekaa zake na redio, akauliza swali moja, "Nani alizipa zote mbili ruhusa ya kuingia sehemu moja?" Ndipo akawaeleza jinsi reli moja inavyobeba treni za kwenda na za kurudi. Dereva hapewi njia mpaka akabidhiwe kijiti cha chuma cha kipande kile cha reli, na kijiti ni kimoja tu. Asiye nacho angoje, hata kama amebeba harusi. Tena treni haihesabiwi kuwa imefika mpaka stesheni masta aione taa ya behewa la mwisho, maana kichwa kinaweza kufika mabehewa yakabaki porini. Séverine akachukua kalamu. Mwezi ule ule aliligawa ziwa vipande vipande kwenye kompyuta, kila kipande na kijiti chake, ambacho huku si chuma, ni neno tu linalotumwa. Hazikugongana tena. Kazi ya redio akapewa Patrick, kijana wa boti kule Karema aliyekuwa akizishusha na kuzipandisha, na mzee akawekwa kwenye kiti cha kuongoza zote sita.

Nilipata mume upya. Alirudi nyumbani na habari: Namba Tatu mvivu, Namba Sita mbishi, anapenda kupanda juu kabla ya wakati wake. Alizitaja kwa upendo hata nikamwambia nimekuwa na wake wenza sita, wote wa chuma, na hakuna hata mmoja anayejua kupika. Alicheka mpaka akakohoa. Mwaka mmoja ulipopita alimwomba Séverine kila nyambizi iwe na mlio wake: ya kwanza igonge mara moja, ya pili mara mbili, hivyo hivyo mpaka sita. Alisema zamani stesheni zilikuwa zinaongea kwa kengele na yeye amezoea. Séverine aliona ni wazo zuri la mzee mwenye uzoefu, akafanya.

Mimi nilianza kuona mambo mengine. Chai ikamiminwa nje ya kikombe. Gazeti akaacha kusoma, akasema habari zote siku hizi ni uongo. Akinyoa ndevu anabakiza kichaka chini ya sikio. Nilimtania kuwa uzee umemvamia bila hodi, naye akakubali haraka, na mtu anayenikubalia haraka mimi humshangaa.

Kisha nikashona kitenge kipya, bluu iliyokolea, chenye maua ya njano, kikanikaa hata fundi mwenyewe akajisifu. Nikasimama mbele ya Haidari, nikajigeuza. Akaniangalia, akatabasamu, akasema, "Hiyo nyekundu inakupendeza sana, Mama Bushra."

Nyekundu! Nilikuwa nimevaa nyekundu sikukuu iliyopita. Damu ikanichemka. Mwanamke akifika umri wangu, mume akiwa hamtazami tena, akili inakimbilia mahali pamoja tu. Nilikumbuka kuna karani fulani pale ofisini kwao, msichana wa kucheka cheka. Usiniulize jina lake, nililitafuta mwenyewe sikulipata. Kesho yake saa nne asubuhi nikafunga duka, jambo nisilolifanya hata nikiwa na malaria, nikapanda bodaboda mpaka Nsemulwa nimevaa kitenge kile kile.

Mlango ulikuwa wazi. Karani hakuwepo, hakuna mtu aliyekuwepo ila Haidari, peke yake, mbele ya kioo cha kompyuta kikubwa kama meza ya kulia chakula. Lakini hakukitazama. Alikuwa amekaa upande, macho amefumba, viganja viwili juu ya meza. Mlio ukasikika: ko, ko, ko. "Haya, Tatu, pita," akasema kwa upole, kidole chake kikatambaa mezani mpaka kwenye kitufe chenye kipande cha plasta, akakibonyeza. Nikaenda nikasimama mbele yake, hatua mbili tu. Akafumbua macho, akanielekea sawasawa.

"Injinia? Umerudi mapema."

Nilisimama pale na maua yangu ya njano. Mume wangu amenidhania Séverine. Nikaanza kulia, na kilio changu alikijua.

"Mama Bushra," alisema. Akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Alinieleza yote siku ile. Alipokwenda Tabora kumsalimia Bushra, alipitia kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kuchelewesha kilichobaki. Chupa ya dawa alikuwa ameificha kwenye koti lake la reli. Siku moja nilimkuta akijitia, akaniambia ni dawa ya vumbi. "Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," alisema, "na bomba lenyewe linazibwa." Nilimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alisema analijua neno hilo, na kwamba anaomba miezi mitatu tu amalize vipande vya Ikola, kisha atamwambia Séverine mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea, na sitamsingizia shetani. Nilimfuta machozi kwa ncha ya kitenge, ingawa machozi yaliyomlowesha yalikuwa yangu, nikamwambia nitakuwa namletea chakula cha mchana. Wote wawili tulielewa ninasema nini.

Basi kila siku, tangu adhuhuri mpaka alasiri, nilimweka msaidizi dukani nami nikakaa kando ya mume wangu na bakuli la wali, nikimsomea kioo. Alinifundisha: kwanza namba ya nyambizi, kisha kina, kisha rangi. Usibadilishe mpangilio, Mama Bushra, mpangilio ndio usalama.

"Mbili. Mita arobaini na moja. Kijani."

"Vizuri. Tatu?"

"Tatu. Mita thelathini. Njano kidogo. Mvivu huyu nitampiga kofi."

"Mwache, anapanda mlima."

Kumbe chini ya ziwa kuna milima. Miaka yote niliyokuwa mke wa stesheni masta sikuwahi kujua stesheni inaendeshwaje. Nilikuwa napeleka chakula dirishani na kuondoka. Sasa nilikaa ndani. Nilimsikiliza akizigawia njia sita zile bila kupandisha sauti, akijua ipi iko wapi kuliko mimi niliyekuwa natazama, na nikamwonea fahari. Nasema wazi: majuma yale matatu yalikuwa matamu kuliko fungate. Tulikuwa tunafanya kosa, na nilikuwa na furaha.

Siku ya Jumatano lori la marobota yangu kutoka Kigoma, lililochelewa siku nne, likafika mchana kweupe. Nilipiga simu kwa Haidari. Akasema nisiwe na wasiwasi, masikio yake yanatosha.

Siku hiyo Namba Nne iliingia kwenye wavu uliotegwa mbele ya Ikola. Mwenye wavu aliitwa Nkwabi, mvuvi mwenye mtumbwi mdogo wa kupiga kasia. Nyambizi ilinasa ikakaa pale pale, na kila muda wake ulipofika iligonga mara nne kama kawaida. Haidari alisikia: ko, ko, ko, ko. Kwa mtu wa reli, kengele inayolia kwa wakati wake ni habari njema. Kumbe juma moja kabla vijana wa kompyuta walikuwa wamebadilisha mambo, na onyo la nyambizi isiyosogea likawa ni maandishi mekundu tu kwenye kioo, bila mlio. Nyekundu ile ilikaa pale saa mbili. Kisha Nkwabi akaja kuvuta wavu wake. Ulipokuwa mzito alidhani Mungu amemkumbuka, akavuta kwa nguvu zote, na mtumbwi ukapinduka. Wavuvi wenzake walimwopoa akiwa ameshakunywa maji mengi. Alilazwa siku mbili.

Séverine alikuwa kule kule Karema siku hiyo. Alipiga simu jioni tukiwa nyumbani, sauti inatetemeka. "Mzee, huko kwenye kioo onyo lilikuja?"

"Hapana, mwanangu," Haidari alijibu. "Hakuna onyo lililokuja."

Alijibu kwa moyo safi. Aliamini. Na Séverine, ambaye hajawahi kusikia mzee huyu akikosea hata dakika moja, alipiga hesabu yake bila kungoja kurudi Mpanda kusoma kumbukumbu: kama onyo halikufika Mpanda, basi njia ya maonyo kutoka kwenye boya haikufunguliwa asubuhi, na kuifungua ni kazi ya Patrick. Patrick akadakia kwenye simu ile ile, akaapa kwa jina la mama yake kwamba aliifungua. Lakini kiapo cha kijana wa miaka ishirini na mitatu na neno la mzee Haidari havikuwekwa kwenye mizani moja. Barua ya kumwondoa Patrick kazini ilianza kuandikwa. Angepewa Ijumaa.

Haidari hakula usiku ule. Alhamisi asubuhi alivaa kabla yangu. "Twende ofisini," alisema. "Unisomee kumbukumbu za jana. Sauti ya yule kijana kwenye simu haikuwa sauti ya mwongo."

Nilifungua kumbukumbu kama alivyonifundisha. Sikuhitaji kutafuta. Mstari mwekundu ulianza saa saba na dakika kumi ukaenda mpaka saa tisa na robo, na kando yake imeandikwa: Namba Nne haisogei. Nikautazama. Kisha nikamtazama mume wangu, amekaa na mikono magotini, anangoja, uso ameuelekeza mahali nisipokuwepo. Nikauona mlango wa choo. Nikaona miaka yote iliyobaki akikaa kitandani na giza lake, bila hata randa. Patrick ni kijana, niliuambia moyo wangu, ana mikono na macho, kazi atapata. Mume wangu atapata nini?

"Hakuna kitu, Baba Bushra," nikasema. "Kijani tupu."

Akageuza kichwa upande wa sauti yangu. "Umesoma haraka."

"Kurasa zenyewe chache."

"Huwa unasema namba kwanza, kisha kina, kisha rangi. Leo umesema rangi peke yake."

Nikalipuka. Hasira yangu ikishikwa pabaya inatoka na kila kitu. "Ndiyo, ni nyekundu! Saa mbili nzima nyekundu! Sasa unataka nini? Unataka wakuambie ahsante mzee, nenda kalale? Na mimi je? Mimi nitakaa nakutazama unavyopapasa kuta? Huyo Patrick amekuzaa?"

Hakunijibu kwa hasira, na hilo lilinikera zaidi. Alingoja nimalize kupumua. Kisha akanieleza kuhusu Amedeus, dereva wa treni, rafiki yake tangu ujana, ambaye nilimjua kwa jina na kwa kutokuja kwetu. Siku moja Amedeus alipita kwenye ishara nyekundu kana kwamba ni kijani. Hakuna aliyeumia. Haidari peke yake ndiye aliyeona, na aliandika ripoti. Amedeus akapimwa macho, akaondolewa kwenye injini, akapelekwa kuhesabu magunia bohari. Hakumsalimia Haidari tena mpaka alipokufa.

"Alinibembeleza, unajua," Haidari alisema. "Alisema nimpe miezi mitatu tu."

Nikakaa chini.

"Nilimwondoa Amedeus kazini kwa sababu ya macho yake. Leo Patrick aondolewe kwa sababu ya macho yangu? Nipigie simu kwa Injinia, Mama Bushra. Namba siioni."

Nilipiga. Nikaiweka simu katikati yetu juu ya meza, sauti imefunguliwa. Alimwambia Séverine bila kuzunguka: onyo lilikuja, lilikuwa jekundu, lilikaa saa mbili mbele ya uso wake, na yeye hakuliona kwa sababu haoni.

"Tangu lini, mzee?" Séverine akauliza taratibu.

"Tangu nilipokuomba milio."

"Na hapo ofisini..."

"Mimi ndiye niliyekuwa namsomea," nikaingilia. "Na hata leo nimetaka kumficha. Mwanangu, kama kuna mtu wa kugombeza, anza na mimi."

Hakutugombeza. Tulimsikia akilia, kisha akajifuta, kisha akasema anakuja. Alifika saa tisa, nywele zimejaa vumbi la barabara, na kabla hata ya kukaa alimpigia Patrick mbele yetu akamwomba radhi. Haidari akaomba simu. "Mwanangu Patrick, ni mimi. Kosa ni langu. Nisamehe."

"Mzee," Patrick akasema, na sauti yake ilikatika, "mi nilijua nimeifungua ile njia. Ila jana usiku nilianza kujiuliza, labda sikuifungua kweli. Nyie wakubwa mkisema, mtu unajisahau mwenyewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwumiza Haidari kuliko yote, nilimwona. Nkwabi mvuvi baadaye alipelekewa wavu mpya na mradi, na Haidari alimpigia mwenyewe. Walichozungumza hajaniambia mpaka leo, wala sijauliza.

Mchana ule nyambizi tano zilikuwa bado majini. Namba Nne ilikuwa imelazwa ubavu Karema ikisubiri fundi. Séverine alitaka kuketi kwenye kiti. Haidari alimwomba jambo moja. "Stesheni masta haachi kiti treni zikiwa njiani. Niache nizipokee hizi, kisha ni zako."

Séverine akavuta kiti cha pembeni, akanisukumia mimi kile cha mbele ya kioo. "Soma wewe, mama. Amekuzoea."

Nikasoma, safari hii kwa sauti kubwa, mlango wazi, karani yule wa kucheka cheka amesimama kizingitini na wala hacheki. Namba, kina, rangi. Moja ikatoka kwenye kipande chake. Mbili ikatoka. Tatu ikachelewa kama kawaida, naye akaingoja kama kawaida. Tano ikatoka. Kila moja Haidari aliirudishia kijiti chake na kusema ahsante, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. Mwisho akabaki Sita, mbishi, na siku hiyo hakuleta ubishi. Patrick akasema kwenye redio kwamba zote tano zipo juu ya boti, amezihesabu kwa mkono.

Haidari alivua vipokea sauti kichwani. Akaunyoosha mkono wake, akapapasa hewani, Séverine akauleta wa kwake, naye akaviweka hapo. Séverine alimwambia hamwachii aende hivi hivi, kuna vijana wapya wanakuja na hakuna wa kuwafundisha mambo ya vijiti. Haidari akasema watazungumza, leo amechoka. Ni kweli alikuwa amechoka. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua gunia.

Nje bodaboda ilikuwa inatungoja. Haidari akasema, "Tutembee."

Lazima nieleze jambo. Kwetu mume wa rika lake hatembei ameshikana mkono na mkewe barabarani. Miaka thelathini na minne ya ndoa, Haidari ametangulia na mimi nimefuata nyuma na kikapu, na sikuona ubaya, ndivyo ilivyo. Tulitoka Nsemulwa taratibu, mimi nikimwambia hapa jiwe, hapa mtaro, naye akisikiliza. Tulipoingia Makanyagio, barabara ya maduka, watu wamejaa wanarudi makwao, akasimama. Akautafuta mkono wangu, akaupata, akapitisha vidole vyake kati ya vidole vyangu, akaanza tena kutembea.

Madereva wa bodaboda wakaacha kuzungumza. Fundi wangu wa nguo akatoa kichwa dirishani. Mteja wangu mmoja, mwanamke mzima, akajiziba mdomo kwa mtandio. Nikaona haya kama mwali. Mimi, Mwanahija, nikajaribu kuuvuta mkono.

"Baba Bushra," nikamnong'oneza, "watu wote wanatuangalia."

Akazidi kuukaza.

"Waache waangalie," akasema. "Mimi siwaoni."